Kengele ya mkono, kitufe, waya au simu: mzee amwite vipi mhudumu usiku?

Nyumba ya familia ikigeuzwa makao ya wazee, iwe ghorofa la Tudor, bangaloo la Nyali au nyumba ya mawe ya Mji wa Kale hapa Mombasa, kuna jambo ambalo aliyeijenga hakulifikiria: mzee aliyelala chumba cha nyuma atamwita vipi mhudumu aliye sebuleni saa tisa za usiku. Mchana watu wanapitapita, shida haionekani. Usiku kuna mhudumu mmoja au wawili, feni za dari zinavuma kila chumba, na sauti ya mzee dhaifu haifiki hata mlangoni.

Hapa tunalinganisha njia nne ambazo fundi wa Mombasa anaweza kuzifunga na kuzitengeneza: kengele ya mkono, vitufe visivyo na waya, mfumo wa waya, na simu. Tumewalenga wasimamizi wa makao yenye vitanda vitano hadi thelathini hivi, pamoja na familia inayotafuta pa kumweka mzazi na haijui iulize nini.

Vigezo kwanza

*Mkono.* Mzee ataifikia akiwa amelala upande wowote, ndani ya chandarua, akiwa ameketi chooni, na akiwa ameanguka kwenye sakafu ya bafu? Je, vidole vyenye baridi yabisi vina nguvu ya kuitumia?

*Sikio.* Wito unafika penye mtu, au unafika tu penye meza? Mhudumu anayembadilisha mzee nguo chumba cha tatu hayuko mezani.

*Stima.* Ikipotea saa nne usiku na kurudi alfajiri, kitakachobaki kikifanya kazi ni nini?

*Ikiharibika, nani atajua kwanza?* Hiki tunakipa uzito kuliko vyote. Kila chombo kitaharibika siku moja, na kwa hewa hii ya chumvi siku hiyo huja mapema. Tofauti ni kama atakayegundua ni mhudumu anayekagua mchana, au ni mzee aliye chini bafuni anayebonyeza na kubonyeza bila jibu.

*Kuzimwa.* Wito unazimwa wapi: mezani, au kitandani kwa aliyeita? Na je, saa ya wito inabaki imeandikwa mahali?

*Fundi na vipuri.* Nani atatengeneza, na betri au swichi inapatikana mjini au mpaka iagizwe?

Kuhusu mahali pa kufunga, kanuni za serikali ya Marekani kwa makao ya uuguzi zinataka kila mkaazi aweze kuita akiwa kitandani, chooni na mahali pa kuogea, na wito umfikie mhudumu moja kwa moja au ufike kituo cha wahudumu. Si sheria yetu, ila kama kipimo inafaa. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo, na mzee anayejichafua kwa sababu hakusikika amenyimwa yote mawili. Hesabu basi nukta tatu za kuitia kwa kila mkaazi. Makao mengi yakipanga bajeti huhesabu kitanda pekee, na bafu, ambako maji na sabuni viko chini, likasahaulika.

1. Kengele ya mkono pamoja na mizunguko ya mhudumu chumba kwa chumba

*Mkono.* Kengele ndogo ya shaba yenye kishikio hutumika hata na mtu asiyejua kusoma wala kuona vizuri. Ifungwe kwa kamba fupi kwenye fremu ya kitanda, ndani ya chandarua, upande wa mkono wenye nguvu. Aliyepata kiharusi upande wa kulia hana faida na kengele iliyo kulia. Bafuni itundikwe chini, usawa wa goti, maana aliyeanguka hawezi kufika ukutani juu.

*Sikio.* Husikika vizuri ikiwa milango iko wazi na vyumba vimezunguka ua mmoja. Kwenye ghorofa, au milango ikifungwa, haitoshi. Tena kengele hulia tu wakati mkono unaitikisa. Mzee akichoka, wito umekatika, na aliyesikia mara moja hajui ni chumba gani. Vyumba vinne vya kwanza unaweza kuvitofautisha kwa milio tofauti, lakini zaidi ya hapo ni kubahatisha.

*Stima.* Haihitaji.

*Ikiharibika.* Hapa inashinda vyombo vingi vya bei ghali: isipolia, aliyeishika anajua papo hapo. Kasoro yake ni kwamba anajua yeye peke yake.

*Kuzimwa.* Hakuna cha kuzima wala cha kuandika. Kila kitu hutegemea daftari la zamu.

*Fundi.* Hahitajiki.

Inafaa makao madogo ya chini, yasiyo na ghorofa, yenye wazee wachache wenye akili timamu, na inafaa kuwa akiba ya mfumo mwingine wowote. Peke yake, bila mizunguko ya kila saa usiku, hatuishauri.

2. Vitufe visivyo na waya

Kitufe ni kisanduku cha plastiki chenye betri na kirusha mawimbi, mara nyingi ya megahezi 433. Kikibonyezwa, kipokezi hulia na kuonyesha namba ya kitanda. Ndicho kitu ambacho makao mengi hukimbilia kwanza, kwa sababu unaweza kukifunga chote kwa mchana mmoja bila kutoboa ukuta. Kwa hiyo kinastahili kuchunguzwa kuliko vingine.

*Mkono.* Kinavaliwa shingoni, kinafungwa kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda, au kinabandikwa kando ya kitanda. Kamba ya shingoni lazima iwe ya aina inayoachia yenyewe ikivutwa kwa nguvu, la sivyo inaweza kumkaba mzee ikinasa kwenye reli ya kitanda. Wengi huivua wakienda kuoga, yaani wanaiacha pale pale inapohitajika zaidi. Weka kitufe cha pili bafuni, kilicho na alama ya IP67 (yaani kisichoingiza vumbi wala maji), au aina ya kamba ya kuvuta inayofika karibu na sakafu. Kitufe cha kawaida bafuni hufa kwa mvuke.

*Sikio.* Mita 100 au 300 zilizoandikwa kwenye boksi ni za uwanja mtupu. Kuta nene za mawe ya matumbawe, zege lenye nondo, tangi la maji na mlango wa chuma hula mawimbi. Jaribio ni hili: funga milango yote, washa feni na televisheni, lala kitandani, bonyeza mara kumi. Kipokezi kikikosa hata mara moja, kisogeze au ongeza kirudufishi, kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena, katikati ya njia. Fanya hivyo kwa kila kitufe, hasa vya bafuni. Kisha mpe mhudumu kipokezi cha mfukoni au cha mkononi, pamoja na kile cha mezani. Cha mkononi kinachajiwa kila siku na hukabidhiwa zamu kwa zamu kama funguo.

*Stima.* Kitufe hakijali. Kipokezi ndicho kinachojali, na vingi huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi bila betri ndani. Stima ikipotea vitufe viko hai na hakuna anayevisikia. Wengine hukichomeka kwenye pawabenki, lakini tahadhari: pawabenki nyingi hujizima zenyewe kifaa kinapovuta umeme kidogo sana, na kipokezi kisicholia huvuta kidogo. Betri ndogo ya akiba inayouzwa kwa ajili ya ruta za intaneti hufaa zaidi, mradi volti zake zilingane na za kipokezi. Ijaribu kwa kuzima swichi kuu na kusubiri saa nzima. Dakika tano hazionyeshi kitu.

*Ikiharibika.* Udhaifu mkubwa uko hapa. Vitufe vya bei ya chini huzungumza upande mmoja tu. Kipokezi hakina njia ya kujua kama kitufe cha kitanda cha sita bado ni kizima. Kimya cha usingizi na kimya cha betri iliyokufa kwake ni kimoja. Taa nyekundu inayomweka kwenye kitufe inaonyesha betri ina nguvu ya kuwasha taa. Haionyeshi kwamba wito umepokelewa. Mifumo ya juu zaidi ina vitufe vinavyojitambulisha kwa kipokezi kila baada ya muda, na kipokezi hulalamika kimoja kikipotea. Muulize muuzaji swali hilo moja kabla ya kuuliza bei: nikitoa betri kwenye kitufe hiki sasa, mashine itaniambia, na baada ya muda gani?

Ukinunua vya bei ya chini, basi kazi hiyo ni yako. Badilisha betri zote tarehe moja, mara mbili kwa mwaka, hata zilizo nzima, na andika tarehe mgongoni kwa kalamu isiyofutika. Jua aina yake: CR2032 ni duara bapa ya volti 3, 23A ni silinda ndogo ya volti 12, na moja haiwezi kukaa mahali pa nyingine. Kila unapofungua, angalia springi na bati za kugusia. Chumvi huleta kutu ya kijani, na betri mpya juu ya kutu ni sawa na hakuna betri. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kingine: vitufe vya kawaida vya mlango wa mbele hutumia masafa hayo hayo, kwa hiyo kengele inaweza kulia kwa kitufe cha jirani. Likitokea hilo, futa kumbukumbu ya kipokezi na uvifundishe vitufe upya. Usiwaache wahudumu waizoee, kwa sababu wakishazoea kupuuza mlio mmoja watapuuza yote.

*Kuzimwa.* Vingi huzimwa mezani. Mhudumu anabonyeza, mlio unakoma, kisha simu inaita au mzee mwingine anaita, na wa kwanza anasahaulika. Tafuta seti yenye kitufe cha kuzimia kilicho ukutani karibu na kitanda.

*Fundi.* Hahitajiki sana. Vipuri ni betri na vitufe vya ziada. Nunua viwili vitatu vya ziada siku ile ile, kwani toleo likiisha sokoni vipya huenda visiongee na kipokezi chako.

Inafaa nyumba ya kupanga, nyumba ya kuta zisizotobolewa, na makao yenye msimamizi mwenye nidhamu ya kukagua.

3. Mfumo wa waya

*Mkono.* Kitandani kuna swichi ya kushika mkononi yenye waya wa kama mita mbili. Ishikizwe kwenye shuka kwa klipu, isiningʼinie, kwani ikianguka nyuma ya kitanda haipo. Waya upite chini ya upindo wa chandarua, usitoboe neti. Bafuni ni kamba nyekundu ya kuvuta. Mwongozo wa majengo wa Uingereza huitaka iwe na vishikio viwili, kimoja sentimita 10 kutoka sakafuni na cha pili kati ya sentimita 80 na 100, yaani kimoja cha aliyeanguka na kimoja cha aliyeketi. Adui wa kamba hii ni mwenye kupiga deki. Anaifunga fundo juu ili isilowe, na kuanzia hapo ni pambo. Ukitembelea makao yoyote, angalia kamba ya bafu kabla ya kuangalia bustani.

*Sikio.* Taa juu ya mlango wa chumba inawaka, paneli (kisanduku cha ukutani kinachopokea wito wa vyumba vyote) inalia na kuonyesha namba, na wito hauishi mpaka uzimwe. Mhudumu akitoka chumba chochote anaona taa ya ukumbini. Kwa ghorofa mbili, weka paneli ya pili au mlio kila ghorofa.

*Stima.* Mifumo hii kwa kawaida huendeshwa kwa volti 12 au 24, na mingi huwa na betri ya akiba. Piga hesabu yako: paneli na taa zikivuta miliampea 200, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ingetoa saa 35 kwenye karatasi. Kwa betri iliyozeeka kwenye joto letu, tegemea nusu. Nusu hiyo inavuka usiku mzima, na ndiyo inayotakiwa.

*Ikiharibika.* Inategemea fundi aliifunga vipi. Saketi ya kawaida, yaani njia ya umeme, iko wazi, na swichi huifunga. Waya ukikatwa na panya, hakuna dalili. Saketi inayolindwa ina kizuizi kidogo cha umeme mwishoni mwa waya, na paneli hukipima muda wote. Waya ukikatika au swichi ikichomolewa, taa ya hitilafu inawaka. Mwombe fundi achomoe swichi moja mbele yako kabla hujamlipa salio. Paneli ikinyamaza, amekufungia kengele ya mlango ya gharama kubwa.

Viungo ndivyo vinavyoanza kuoza Pwani. Kataa viungo vya kusokota na kuviringisha tepu. Dai vya kubana au vya kulehemu kwa risasi, ndani ya visanduku vilivyofungwa vizuri, na ikipatikana tumia waya wa shaba uliopakwa bati. Waya hizi zipite njia yake, mbali na za stima ya volti 240.

*Kuzimwa.* Kitandani au bafuni kwenyewe. Mhudumu hana budi kufika. Baadhi ya paneli huhifadhi saa ya wito na saa ya kuzimwa, na hapo msimamizi anaona bila kumuuliza mtu kwamba usiku wa Jumapili chumba cha pili kilingoja nusu saa.

*Fundi.* Gharama kubwa ni ya kufunga: kutoboa, trankingi (mifereji ya kufunikia waya), kupaka rangi upya. Baadaye ni nafuu. Dai mchoro wa waya, uubandike ndani ya mlango wa paneli, maana fundi wa leo huenda mwakani yuko Lamu au Doha.

Inafaa jengo lenu wenyewe, kuanzia vitanda kumi hivi, na linalotarajiwa kudumu.

4. Simu

*Mkono.* Simu ndogo ya vibonye, mulika mwizi, ipewe namba ya zamu kwenye kibonye kimoja cha kubonyeza kwa muda. Kwa mwenye vidole vizuri na macho ya kutosha ni rahisi. Kwa aliye gizani, anayetetemeka, au anayesahau, ni hatua nyingi mno. Kwa aliye chini bafuni haipo kabisa.

*Sikio.* Faida yake ni mazungumzo: mhudumu anajua kama ni maji ya kunywa au ni maumivu ya kifua kabla hajainuka. Hasara: wawili wakipiga pamoja mmoja anakuta laini ina shughuli, na simu ya zamu huishia mfukoni mwa aliyetoka dukani.

*Stima na mtandao.* Chaji hudumu siku kadhaa. Mtandao ndani ya kuta nene ujaribiwe kitanda kwa kitanda. Salio likiisha hapigi. Ili lisiishe upesi, baadhi ya makao hutumia kubip tu, na mhudumu akiona namba anakuja.

*Ikiharibika.* Kimya tena, isipokuwa zamu ya jioni imezoea kumpigia kila mzee na kumtakia usiku mwema. Desturi hiyo inapima chombo na inamfurahisha mtu.

*Kuzimwa.* Hakuna, lakini orodha ya simu zilizoingia ni ushahidi mzuri wa saa.

Inafaa wazee wanaojitegemea katika vyumba vyao, au mzee anayeishi na familia na jamaa yuko ghorofa ya juu. Iwe nyongeza, isiwe msingi.

Wasioweza kubonyeza

Mwenye maradhi ya kusahau hatakumbuka kitufe ni cha nini, hata ukimweleza kila jioni. Kwake njia zote nne ni bure. Anahitaji mizunguko iliyoandikwa kwa saa, na pengine mkeka wa kitandani au wa sakafuni unaolia anapoinuka. Mkeka wa sakafuni uwe na mgongo usioteleza. Aliyepooza apewe kitufe kipana cha kubonyeza kwa kiganja, kiwiko au shavu. Mifumo mingi ya waya hukubali swichi ya namna hiyo kwenye tundu lile lile.

Kuna pia asiyetaka kubonyeza. Wazee wetu wengi huona haya kusumbua, hasa kuomba kupelekwa chooni. Akiitika mhudumu kwa “Nini tena?”, mzee huyo hataita mara ya pili, atajaribu kwenda mwenyewe, gizani. Akiitika “Naam, Bibi, nimefika”, ataita kesho. Pangeni pia zamu zenu kwa saa ambazo watu huinuka: kabla ya alfajiri wanaamka kutia udhu, na mwezi wa Ramadhani wanaamka mapema zaidi kwa daku. Saa hizo bafu limelowa na mhudumu wa usiku amechoka. Asiwe peke yake.

Uchague vipi

Vitanda vitano au sita, nyumba ya chini, wazee wenye akili timamu, fedha kidogo: kengele ya mkono kwa kila mmoja, vitufe vya bafuni visivyo na waya, na mizunguko.

Nyumba ya kupanga, au ya Mji wa Kale ambayo hutaki kuitoboa: vitufe, vipokezi viwili vyenye betri ya akiba, na daftari la kukagua. Kila Jumatatu mhudumu mmoja abonyeze kila kitufe na mwingine aandike kilichosikika. Ukijua hilo halitafanyika, usinunue vitufe visivyojitambulisha.

Jengo lenu, vitanda kumi na zaidi, au ghorofa: waya wenye saketi inayolindwa. Fedha zikiwa nusu, anzeni na bafu zote na vitanda vya walio dhaifu, na paneli iwe na nafasi za kuongeza.

Wazee mchanganyiko, wengine wakisahau: vitufe au waya, pamoja na mikeka kwa wachache na mizunguko kwa wote.

Familia inayotembelea makao kabla ya kumpeleka mzazi: omba ruhusa uingie bafuni, inama mpaka usawa wa sakafu, uvute kamba au ubonyeze kitufe, na utazame saa mpaka mtu afike. Kisha omba kuliona daftari la ukaguzi na uulize betri zilibadilishwa lini mara ya mwisho.